Makopo matano, baruti nne: shajara ya mizani kutoka Lamu

Januari 11

Jana baada ya Isha mpwa wangu alipiga simu kutoka Ohio, na huko ndiyo kwanza ilikuwa adhuhuri. "Shikamoo Mjomba. Nina kazi ya mizani, na mtu wa mizani ni wewe." Ana rivolva ya .44 Magnum anayopigia shabaha, na msimu ukifika huwindia kulungu wa mkia mweupe. Miaka minne sasa hanunui risasi za dukani. Anaokota maganda yake, anayasafisha, anatia fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kisha baruti na risasi, anabana mdomo. Kule ni jambo la halali na la kawaida, baruti inauzwa kwa ratili. Shida yake ni kabati: ndani mna makopo matano ya baruti ya kazi moja, yote yamefunguliwa, na hajui lipi linastahili kununuliwa tena likiisha. Kila anayemwuliza humtajia kopo lake, na kila mmoja ana hakika.

Nimekubali. Niliyarithi mizani na duka hili la usonara la Langoni kutoka kwa baba, na kupima vitu vidogo vinavyofanana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipoacha chuo.

Niandike mapema mipaka ya mradi. Hapa dukani hakuna punje hata moja ya baruti, wala haitaingia. Kwetu Kenya silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115. Kuwa na risasi moja bila cheti ni kosa. Yeye atajaza na kupiga huko kwake. Mimi nitapokea tarakimu, nipange jedwali, niulize maswali. Na shajara hii haitasema ganda litiwe baruti kiasi gani. Kiasi hutoka kwenye kitabu cha mwenye baruti, toleo la karibuni, kwa risasi ile ile na baruti ile ile. Atakayekiokota kwenye daftari la sonara ajue ameokota mahali si pake.

Makopo yenyewe, kwa majina ya lebo zake: H110, Winchester 296, 2400, Accurate No. 9 na IMR 4227.

Januari 14

Picha za lebo zimefika, na kurasa za vitabu. Mpwa wangu alidhani itabidi anifundishe greni, kipimo wanachopimia baruti na risasi. Greni 7,000 ni ratili moja. Nikamwambia tola yetu, hii tunayopimia fedha na dhahabu, ni greni 180 kamili, yaani gramu 11.66. Risasi anayoitumia ni ya greni 240, basi ni tola moja na theluthi. Zipo pia za greni 180 kwa .44 Magnum, ukiishika moja umeshika tola. Alinyamaza, kisha akasema angependa babu yake angekuwa hai alisikie hilo. Nami pia.

Mzani wake unasoma hadi sehemu ya kumi ya greni, ambayo ni kama miligramu sita na nusu. Wangu wa vito unasoma miligramu moja. Kwa hiyo katika mradi huu yeye ndiye mwenye mzani mzito, na nimemwomba tangu leo asiandike tarakimu ambayo mzani wake hauwezi kuiona.

Januari 19

Usiku wa leo nilikaa na daftari kunakili majedwali, safu kwa safu. Uzito wa risasi, baruti, kiasi cha kuanzia, kasi, shinikizo, kiasi cha juu. Nilipofika Winchester 296 nikasimama. Nilidhani nimenakili H110 mara mbili kwa uchovu. Nikarudi kwenye ukurasa wenyewe, nikaweka rula chini ya kila mstari. Sikukosea. Tarakimu ni zile zile, mstari kwa mstari, hadi shinikizo.

Nikamwandikia, na kabla ya kulala nimepata jibu la uhakika: Hodgdon, wanaouza zote mbili, wamesema wenyewe kwamba H110 na 296 ni baruti moja. Inatengenezwa St. Marks kule Florida, inatiwa kwenye makopo ya majina mawili. Mpwa wangu hakufurahi. Siku zote amekuwa akisema 296 ni kali zaidi na haiachi masizi. "Mjomba, nimeziona kwa macho yangu."

Sikumbishia. Lakini nimepata kitu ambacho mradi huu ulikuwa haunacho. Sasa ninayo makopo mawili ambayo najua ni kitu kimoja. Tofauti yoyote itakayojitokeza baina yao haitakuwa tofauti ya baruti. Itakuwa ya upepo, ya fataki, ya mkono, ya mzani, ya jua juu ya kipima kasi. Ndiyo kipimo cha mtikisiko wetu wenyewe. Baruti nyingine mbili zikitofautiana kwa chini ya hapo, hatutakuwa na haki ya kusema moja ni bora. Nimeandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kuipigia mstari, ili nisije nikaisahau matokeo yakija na yakawa mazuri.

Januari 22

Leo maumbo. Alimimina punje chache za kila kopo kwenye karatasi nyeupe, kopo moja kwa wakati, akapiga picha kwa lenzi, akarudisha, akafunga, ndipo akafungua jingine. Utaratibu huo nimeusisitiza mimi.

H110 na 296 ni vidonge vidogo vya mviringo, laini, vinatiririka kama mchanga mkavu wa Shela. Accurate No. 9 nayo ni ya mviringo. 2400 ni vipande vidogo vilivyokatwa bapa. IMR 4227 ni vijiti vifupi mno. Rangi zote ni kijivu cha kung'aa, kwa sababu hupakwa grafiti zisishikane na zisibebe umeme wa msuguano.

Baruti ya mviringo ndiyo niliyoielewa haraka kuliko zote. Fred Olsen wa kampuni ya Western Cartridge ndiye aliyeivumbua njia yake, mwaka 1933. Nitroselulosi huyeyushwa kwa kimiminika, ikakorogwa ndani ya maji ya moto, nayo hujigawa matone. Kile kimiminika kikiondolewa matone huganda kuwa punje. Nami nikitaka chembe za fedha za kupimia huyeyusha, nikamwaga taratibu ndani ya ndoo ya maji, nikaziokota chini zikiwa duara. Sikutegemea kukuta ndoo yangu ndani ya kiwanda cha baruti.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho. 4227 ni nitroselulosi peke yake. Zile nyingine zimeongezwa nitroglisarini, kwa hiyo kila greni ina nguvu zaidi. Na nyingi huwekewa kizuizi juu ya ngozi ya punje ili moto uanze kwa kusita, kisha ushike.

Nilimwuliza kwa nini apendelee baruti ya polepole kwa silaha ya nguvu. Jibu lake lilikuwa refu; hili ni langu. Ukitaka kusukuma mashua kutoka mchangani ukaipiga teke, utaumia mguu na mashua itabaki. Ukiegemeza bega na kuendelea kusukuma, inaanza kusogea, na bega linaifuata. Baruti ya kasi, zile za bastola ndogo, ni teke: shinikizo hupanda ghafla risasi ikiwa bado haijaenda popote. Ya polepole hufuata risasi ndani ya mtutu. Tola moja na theluthi ya risasi inahitaji bega. Kuna faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa zaidi: baruti ya polepole hujaza ganda. Ukisahau ukatia mara mbili, inamwagika mezani na unaona kosa. Ya kasi hukaa kidogo chini ya ganda, na mara mbili yake inaingia bila kuonekana.

Januari 27

Tumebishana juu ya namna ya kupima. Yeye alitaka nisijue lipi ni lipi, ili nisipendelee, na hilo ni wazo zuri. Ila njia aliyoileta ilinitisha: abandike karatasi juu ya lebo za makopo na kuyaita A, B, C, D, E.

Nilimpigia simu hapo hapo, sikusubiri usiku. Kopo la baruti halivuliwi jina, hata kwa saa moja, hata kwa nia njema. Kiasi kinachofaa kwa 4227 kikitiwa baruti nyingine ya mezani kwa sababu herufi zimechanganyika, anayeshika ile rivolva ni yeye. Mpaka wa shinikizo la .44 Magnum uliowekwa na SAAMI, chama cha viwanda vya silaha na risasi Marekani, ni pauni 36,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo si nafasi ya kuchezea mchezo wa kubahatisha. Baruti zinazofanana kwa kazi na kwa rangi ndizo hasa zinazohitaji majina yao yaonekane.

Tumekubaliana hivi: makopo yabaki na majina yao, kopo moja tu mezani kwa wakati, na kisanduku cha risasi zilizokwisha kujazwa kiandikwe kila kitu. Zinazofichwa ni tarakimu. Mkewe ndiye atakayezipokea kutoka kwenye kipima kasi, azipe herufi anazozijua yeye peke yake, anitumie mimi. Nitapanga jedwali lote nikiwa sijui, ndipo aniambie. Mke wa mpwa wangu ni mhasibu. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi yake: "Mjomba, usihofu, herufi zitakaa mahali pake."

Mpango wa kupiga: risasi kumi na mbili kwa kila kopo, sitini kwa jumla. Zisipigwe zote za kopo moja kwanza, kwa sababu mtutu unapata moto na mkono unachoka, na kopo la mwisho litaonewa. Zipigwe tatu tatu kwa zamu. Kila mara kabla ya kulenga, mtutu uinuliwe juu kidogo kisha ushushwe, ili baruti ndani ya ganda ikae upande mmoja. Kwa H110 na 296 hilo halina uzito sana kwa vile ganda limejaa. Kwa baruti inayoacha nafasi, kukaa karibu na fataki au mbali nayo hubadilisha kasi.

Februari 3

Kazi ya wiki nzima imetupwa. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Alikuwa ameshajaza risasi thelathini na sita. Nikamwomba jambo ninalomwomba kila mwanafunzi wangu: weka juu ya mzani kitu ambacho uzito wake unajulikana bila ubishi. Hakuwa na mawe ya mizani. Nikauliza uzito wa sarafu zao, tukaona ile ya senti tano hutolewa kwa gramu 5.000, sawa na greni 77.16. Akachukua mpya kumi, akaziweka moja moja. Za kwanza zilisoma vizuri. Kisha tarakimu zikaanza kuteleza: sehemu mbili za kumi, tatu, zikarudi, zikateleza tena. Sarafu ni ile ile.

Tulitafuta kwa simu ya video karibu saa nzima. Nilimwomba azungushe kamera chumbani taratibu. Juu ya meza, ukutani, kulikuwa na tundu la hewa ya moto. Kwao ni baridi kali, na mashine hujiwasha yenyewe. Kila ikivuma, mzani unasukumwa. Hapa kwangu nimezima pangaboi kila ninapopima tangu utoto, hata Februari hii ambapo kaskazi ikitulia duka linakuwa tanuri. Baba alikuwa akifunga hata mlango. Sikufikiria kumwambia, kwa sababu ni jambo ambalo kwetu halisemwi, hufanywa tu. Kosa hilo ni langu kama lilivyo lake.

Alisema tofauti ni ndogo, risasi hizo zingeweza kupigwa bila hatari kwani alikuwa chini ya kiasi cha juu. Huenda. Lakini kwa H110 na 296 tatizo halipo juu tu, lipo na chini. Hodgdon wanaonya baruti hiyo isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 kutoka kiasi walichoandika. Ikipungua, na nafasi ikabaki ndani ya ganda, inaweza kuwaka kwa kigugumizi. Risasi ikakwama ndani ya mtutu. Anayefyatua ya pili bila kugundua atakuta njia imezibwa. Ndiyo sababu pia wanataka fataki ya magnum, yenye moto mkubwa, na mdomo wa ganda ubanwe sawasawa juu ya risasi, ili shinikizo lijengeke kabla risasi haijaondoka.

Kwa hiyo amezifungua zote thelathini na sita kwa kile kinyundo chao cha kuvulia risasi. Baruti zilizotoka hakuzirudisha makoponi, maana kurudisha kwa haraka ndiko kunakochanganya. Amehamisha meza. Sarafu moja ya senti tano sasa inakaa kando ya mzani, na kila baada ya risasi sita inapandishwa.

Februari 11

Amepiga jana. Siku kavu, baridi, anga la mawingu, jambo lililotufaa kwa sababu kipima kasi chake huona risasi kwa kivuli chake, na jua kali la upande hukidanganya.

Safu tano zimefika zikiwa na herufi tu. Nimezipanga dukani baada ya kufunga. Wastani kwanza, kisha umbali kati ya ya kasi kabisa na ya polepole kabisa katika kila safu, halafu mtawanyiko kwa hesabu. Kalkuleta yangu ni ya kujumlisha tola na shilingi, ilinichukua hadi saa sita usiku.

Kabla ya kufumbua niliandika ninachokiona. A na D ziko juu kuliko zote, zimepishana kwa futi 14 kwa sekunde. C na E ziko chini yake kidogo, zimepishana kwa futi 9. B iko peke yake chini, mbali kiasi kwamba huhitaji hesabu. Risasi za A na D zimekaribiana sana zenyewe kwa zenyewe. Za B zimetawanyika zaidi.

Februari 12

Majina: A ni 296, D ni H110. C ni No. 9, E ni 2400. B ni 4227.

Mpwa wangu alipoona 296 imeitangulia H110 kwa futi 14 alipaza sauti simuni. "Nilikwambia, Mjomba!" Nikamwomba afungue ukurasa wa kwanza wa daftari, ule niliomtumia picha mwezi uliopita. Alisoma. Akasoma tena kwa sauti ya chini. Zile futi 14 ndizo mtikisiko wetu. Ni baruti moja, na mikono yetu, mzani wetu, fataki zetu na hewa ya siku ile vimetengeneza futi 14 bila baruti kuhusika. Au ni makopo ya mapishi tofauti, kitu ambacho kipo pia: kila pishi kiwandani lina namba yake kwenye lebo, na mapishi mawili ya baruti moja hayafanani kama mapacha. Baruti ya kuuzwa kwa makopo huchanganywa na kusawazishwa ili ikaribie kipimo kimoja. Kukaribia ndiko wanakoahidi.

Nilimweleza kwa reale za Maria Theresa, ambazo babu zake walizifanya vikuku na vipini. Zote zimeandikwa mwaka 1780. Nyingi zilipigwa miaka mingi baadaye, Vienna, London, Bombay, na bado zinaandikwa 1780. Uzito wake unatakiwa uwe gramu 28.07. Babu yangu aliijua tarehe na aliujua uzito, na bado hakuiyeyusha hata moja bila kuipandisha mizanini.

Basi C na E, No. 9 na 2400, zimepishana kwa futi 9. Ni chini ya futi 14. Kwa kasi hatuna la kusema baina yake, na hatutasema.

Februari 20

Swali sasa limebadilika. Kama kasi haichagui, ni nini kitakachochagua? Nimemwomba aandike yale ambayo kipima kasi hakiyaoni.

4227: punje zisizoungua. Zimebaki ndani ya mtutu na chini ya ile nyota inayosukuma maganda nje ya silinda. Punje chache zikinasa hapo, ganda halikai chini sawasawa na silinda inazunguka kwa uzito. Nguvu yake ndogo kuliko nyingine tuliijua toka vitabuni. Vijiti vyake pia havikutiririka sawasawa kwenye chombo cha kupimia kwa ujazo, ilibidi kila ganda lipimwe mizanini. Ila aliipenda kwa mkono: inasukuma kwa upole.

H110 na 296: hupimika kwa urahisi mno, ujazo ule ule kila ukigeuza mpini. Kishindo na mwali wa moto mdomoni mwa mtutu ni mkubwa, mkewe aliuona toka nyuma. Lakini ni baruti isiyo na ngazi. Unaipiga kwa nguvu yake yote au huipigi, kwa onyo lile la asilimia 3.

2400: inaacha mabaki kidogo. Lakini inakubali kupunguzwa. Kitabu chake kinatoa uwanja mpana kati ya kiasi cha kuanzia na cha juu, kwa hiyo mtu anaweza kujaza risasi ya kujifunzia na ya kuwindia kutoka kopo moja. Wengi wanaijaza kwa fataki za kawaida. Ndiyo kongwe kabisa kabatini mwake. Ilikuwepo miaka ya 1930, wakati .357 Magnum ilipozaliwa mwaka 1935, na ndiyo aliyokuwa akiitumia Elmer Keith, mwindaji wa Idaho, alipokuwa akiijaza .44 Special kupita ilivyokusudiwa, akiwasihi viwanda watengeneze kitu kikubwa zaidi. Walimsikia: .44 Magnum ilitoka mwaka 1955. Ganda lake lilirefushwa kama sehemu ya nane ya inchi ili lisiingie kwenye rivolva za kale za .44 Special, ambazo mpaka wake ni pauni 15,500 tu. Nimelipenda jambo hilo. Onyo halikuandikwa kwenye karatasi ya kupotea. Liliwekwa kwenye chuma, asiyejua kusoma naye lamzuia.

No. 9: inatiririka kama H110 na inavumilia kama 2400, si kamili kwa lolote kati ya hayo mawili. Mpwa wangu hakuwa na neno baya juu yake.

Machi 13

Ramadhani, kazi ya mchana imepungua, baada ya tarawehe ninaandika. Nimeanza kuorodhesha maneno, kwa sababu wiki hizi zote tumekuwa tukizungumza Kiswahili kilichotobolewa matundu. Yako maneno tunayo tangu zamani na tumeyaacha: baruti, fataki, gobori, mtutu, shura. Kwa ile baruti ya kale, ya shura, kibiriti na makaa, nasema baruti nyeusi. Hizi za makopo ni baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliipata mwaka 1884. Watu wanazichanganya hata kwa mazungumzo, na ni vitu viwili: ya kale ilipimwa kwa kibia na mkono uliozoea, na gobori lilistahimili. Hii mpya haisamehe kibia.

Neno lililotusumbua ni risasi. Kwetu risasi ni madini, ni kile kipande kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda na baruti. Mara mbili mpwa wangu aliniandikia "risasi ina greni 240" nikajiuliza kizima au kipande. Tumekubaliana kipande kinachoruka kiitwe kichwa cha risasi, na kizima kiitwe risasi. Nimerekebisha kurasa za nyuma za jedwali, shajara nimeiacha kama ilivyoandikwa.

Aprili 12

Mzunguko wa pili umepigwa, makopo yale yale, mzani mahali papya, sarafu kando, siku yenye joto zaidi. Safari hii H110 imeitangulia 296, kwa futi 6. Mpwa wangu alituma ujumbe wa maneno mawili: "Nimeelewa, Mjomba." No. 9 na 2400 zimebadilishana nafasi pia. 4227 imebaki chini, pale pale.

Zote zimepanda kidogo kwa joto, na jedwali linaonyesha kana kwamba zile za mviringo zimepanda zaidi. Sitaliandika hilo kama tokeo. Siku mbili, risasi kumi na mbili kila upande, fataki za sanduku jingine: halitoshi.

Uamuzi wake ni huu. Kopo la 296 na la H110 ataendelea nayo hadi yaishe, kila moja kwa lebo yake, bila kuyamimina pamoja hata kama ni baruti moja, kwa sababu mapishi ni mawili na ni desturi mbaya kuizoesha mikono. Yakiisha atanunua lolote kati ya hayo mawili lililo rahisi siku hiyo, kwa risasi za kuwindia tu. Kwa shabaha za kila wiki atanunua 2400, kwa ajili ya ule uwanja wake mpana. No. 9 ataimaliza bila kuijutia. 4227 ameihifadhi, nadhani ataipa rafiki mwenye silaha yenye mtutu mrefu zaidi, ikiwa ndani ya kopo lake.

Kila kopo sasa lina karatasi ya pili, pembeni, isiyofunika lebo: namba ya pishi, siku lilipofunguliwa, na wastani wetu. Kopo jipya la 2400 likifika litapigwa kumi na mbili kabla halijaaminiwa. Anatarajia Septemba. Mkewe amekwisha kuchora safu yake kwenye jedwali na kuipa herufi.